Winchi Haifi, Kinachokufa ni Waya

Kando ya Mto Muhuwesi, wilayani Tunduru, mali haikai juu. Safaya, spineli, ganeti na aleksandriti zilizowaleta watu kwa maelfu katikati ya miaka ya 1990, na nyuma yao wanunuzi kutoka Thailand na Sri Lanka, zimelala kwenye tabaka la kokoto lililofukiwa na udongo wa mto wa zamani. Kulifikia ni kushuka. Na kila kinachochimbwa chini lazima kipande: udongo kwanza, maji pale yanapochuruzika, kisha kokoto zenyewe, ndipo zipelekwe mtoni kwenye chekeche. Ndoo ya lita 20 iliyojaa kokoto zilizolowa ina kilo 35 hadi 40. Zidisha kwa ndoo za kutwa nzima, halafu uone kama migongo ya vijana wawili inatosha. Ndiyo maana winchi ya mkono inaheshimiwa machimboni kuliko sululu.

Heshima hiyo lakini imekaa upande mmoja. Winchi ikisumbua hufunguliwa, ikaoshwa, ikachomelewa, ikapakwa rangi. Waya wake ukisumbua hufungwa fundo, kazi ikaendelea. Mimi naona tumepindua mambo: mashine yenyewe haifi kirahisi, na karibu kila ugonjwa wake una dawa inayopatikana Tunduru mjini. Waya ndio usio na dawa.

Neno winchi hubeba vitu vitatu visivyofanana, na makosa mengi ya matengenezo huanzia hapo. Cha kwanza ni gogo: mti ulionyooka uliolazwa juu ya panda mbili mdomoni mwa shimo, kamba imeviringwa katikati, mkono wa kuzungushia kila upande. Breki yake ni mikono ya watu. Cha pili ni winchi ya dukani yenye ngoma ya kuviringia waya, gia na mkono wa chuma. Cha tatu ni kile cha wavuna mbao na madereva wa malori, kisicho na ngoma kabisa: sanduku la chuma lenye wenzo, waya unaingia upande mmoja na kutokea wa pili, na ndani taya mbili zinapokezana kuushika, moja ikivuta nyingine ikingoja. Wengi huiita Tirfor, jina la bidhaa ya kampuni ya Tractel ya Ufaransa, hata kama iliyo mikononi mwao imetoka China.

Gogo halina mengi. Likianza kupasuka, ni kuni.

Winchi ya ngoma inasema, na mwenye sikio huhitaji vifaa vichache kuitibu. Ndoo ikipanda, ulimi mdogo wa chuma huruka juu ya meno ya gurudumu: ka, ka, ka. Mlio huo ndio uhai wa aliye chini, kwa sababu mkono ukimponyoka mzungushaji, ulimi ndio utakaokamata jino na kuzuia ndoo isirudi. Winchi iliyonyamaza inapopandisha mzigo isimamishwe hapo hapo. Mara nyingi si ugonjwa mkubwa: tope limekauka kwenye mhimili wa ulimi, au springi yake imekatika. Fungua, osha kwa mafuta ya taa, kausha, weka tone la oili nyepesi kwenye mhimili, badilisha springi. Kazi ya dakika kumi. Kinachotisha ni ule ujanja wa kuufunga ulimi kwa kipande cha mpira ili ndoo tupu iteremke yenyewe kwa kasi. Anayeufunga asubuhi hukumbuka kuufungua. Anayepokea zamu mchana hana habari.

Winchi bora zaidi zina breki ya visahani, na hapa ndipo mafundi wengi wazuri wa pikipiki hupotea. Breki hii haibanwi na mtu. Uzito wa mzigo wenyewe ndio unaokaza visahani. Kwa hiyo winchi inayoteleza ichunguzwe kwa mpangilio, bila kukimbilia kuvunja. Tazama kwanza waya umeviringwa upande gani. Waya mpya ukifungwa kinyume, mkono utazunguka vizuri, ndoo itapanda vizuri, ila breki haitakamata, maana mzigo unaisukuma upande wa kuilegeza. Nina hakika kuna winchi zimeitwa mbovu na kuuzwa kama chuma chakavu kwa kosa hili tu. Waya ukiwa sawa, angalia visahani: vikiwa na oili au grisi, vioshwe na kukaushwa kabisa, vikiwa vimelika, vibadilishwe. Na kama kinachoteleza ni ndoo tupu, huenda hakuna kilichoharibika. Breki ya namna hii inahitaji uzito kidogo ndipo ikamate.

Lalamiko jingine ni "winchi imekuwa nzito". Watu hulaumu gia, na wakati mwingine gia kweli zimekauka, au boliti za kwenye fremu zimelegea, fremu imepinda na meno hayakutani sawasawa. Lakini msikilize mzungushaji kwa makini. Akisema ndoo inaanza nyepesi na kuongeza uzito inavyokaribia juu, mashine ni nzima. Ngoma yenye kipenyo cha sentimita 6 ikishaviringa tabaka nne za waya wa milimita 6 inafikia karibu sentimita 11. Mzigo sasa unavuta kutoka mbali zaidi na mhimili, na nguvu inayotakiwa imepanda kwa zaidi ya mara moja na nusu ya ile ya tabaka la kwanza. Dawa yake si grisi. Dawa ni kupunguza waya uliozidi, ila ndoo ikigusa sakafu ya shimo ibaki mizunguko mitatu kwenye ngoma. Ile boliti inayoshika ncha ya waya ngomani haikuwekwa ibebe mzigo.

Winchi ya taya ina tabia yake, na kwenye oili iko kinyume kabisa na breki ya visahani. Dalili inayowachanganya watu ni hii: unasukuma wenzo, waya unasogea sentimita chache, unarudisha wenzo, na waya nao unarudi. Mbele, nyuma, mbele, nyuma, kama mtu anayepampu baiskeli, na mzigo hauendi popote. Mwenye nayo huapa kwamba taya zimekwisha. Akisikia dawa ni oili hukataa, kwa hoja inayoonekana ya busara: chombo kinachoshika kwa msuguano utakipakaje mafuta? Lakini ndivyo ilivyo. Taya zikikauka na kujaa vumbi zinakwama, hazifunguki na kufunga kwa wakati wake, na hakuna kupokezana tena. Oili safi ya gia ikimiminwa kwenye matundu ya juu ya sanduku na wenzo wa kurudisha nyuma ukichezeshwa mara kadhaa, mara nyingi mashine hufufuka. Oili au grisi yenye grafiti au molibdenamu ndiyo isiyofaa, maana hiyo kweli hutelezesha.

Wenzo wa mbele wa mashine hii una pini ndogo zilizokusudiwa kukatika mzigo ukizidi. Pini ikikatika, mashine imekuambia ukweli kuhusu mzigo wako. Anayeweka msumari au kipande cha nondo mahali pake amezima ushahidi, na kitakachokatika safari ijayo hakitakuwa pini. Kosa la pili ni unene wa waya. Taya hutengenezwa kwa kipimo kimoja: Tirfor ya kilo 1,600 inataka waya wa milimita 11.5, ya kilo 800 milimita 8.3. Hizi si namba za waya wowote uliopo dukani, na hapo ndipo mtu hushawishika kuingiza wa milimita 10 "maana inapita". Kupita inapita. Kushika ndiko hakuna uhakika.

Adui wa mashine zote hizi ni mchanga, na mchanga wa machimbo ya vito una ukatili wa ziada. Kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs, chembe za kwatzi ziko kwenye 7, juu ya vyuma vingi tunavyotumia. Safaya yenyewe iko kwenye 9. Maana yake, kokoto zile zile zinazotafutwa kwa chekeche, zikisagika na kuingia kwenye gia au katikati ya nyuzi za waya, hufanya kazi ya msasa. Grisi iliyopakwa juu ya mchanga ni msasa uliolainishwa. Safisha kwanza, ndipo upake. Oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye injini ya lori, hata kama ni ya bure, ina vumbi la chuma na tindikali ndani yake, na ni heri kukosa kuliko kuitumia.

Sasa waya wenyewe. Inafaa kujua kwamba ulizaliwa shimoni. Mwaka 1834, kwenye migodi ya fedha ya Clausthal katika milima ya Harz, Ujerumani, ofisa wa migodi Wilhelm Albert alichoshwa na minyororo inayokatika bila kutoa taarifa. Akasokota nyuzi za chuma, nne kwa msokoto na misokoto mitatu kwa kamba, na waya huo ukaanza kupandisha mawe kutoka shimo la Caroline. Ubora wa wazo lake haukuwa nguvu peke yake. Mnyororo ukikatika pete moja, umekwisha. Waya ukikatika uzi mmoja, zilizobaki zinashika, nawe unauona ule uliokatika. Waya ni chombo kinachotangaza kifo chake mapema, kama kuna mtu wa kusoma tangazo.

Usomaji wenyewe hauhitaji shule. Shusha mzigo, nyosha waya juani, vaa glovu ngumu, shika kitambaa cha pamba na ukipitishe polepole kutoka kwenye ndoano hadi ngomani. Kitambaa kitakwama palipo na uzi uliokatika. Simama hapo, hesabu. Kwenye waya wa milimita 6, mzunguko mmoja kamili wa msokoto una urefu wa karibu sentimita 4. Sheria za Marekani za kreni huuondoa kazini waya unaotembea ukionyesha nyuzi 6 zilizokatika ndani ya mzunguko mmoja, au 3 kwenye msokoto mmoja, na sioni sababu ya mchimbaji wa Tunduru kustahili kiwango cha chini ya hicho. Pima unene kwa kalipa, ukishika migongo ya misokoto na si mabonde: milimita 6 ikishuka hadi 5.4, yaani imepoteza sehemu ya kumi, imetosha. Kagua zaidi mita ya mwisho karibu na ndoano, sehemu inayokaa juu ya kapi ndoo inapoanza kunyanyuliwa, na pale tabaka zinapopandana ngomani.

Kuna dalili zisizohitaji hata kuhesabu. Waya uliowahi kujikunja kitanzi ukavutwa na kubaki na kidonda hauponi kwa nyundo. Waya uliovimba, misokoto ikaachana kama kizimba cha ndege, umekwisha. Ukiupinda kidogo na vumbi jekundu likatoka katikati, kutu imeanzia ndani na nje unaonyeshwa uso tu. Hili la ndani lina historia ya karibu nasi: waya nyingi za namna hii zina moyo wa mkonge, zao lile lile la Tanga, ulioloweshwa mafuta ili ulainishe nyuzi kutoka katikati. Waya ukiachwa kwenye tope masika nzima, kuanzia Desemba mpaka Aprili, mafuta ya moyo huoshwa, mkonge hunywa maji, na kutu inapata nyumba. Winchi isilale shimoni wakati wa mvua. Waya ufunguliwe, ufutwe, upakwe oili na utundikwe kwenye paa.

Mazungumzo ya mdomoni mwa shimo huwa hivi. Kijana anasema, "Mzee, waya umeota nywele." Mzee anajibu, "Zikate, mwanangu, zisikuchome mkono." Ushauri wenyewe si mbaya, nyuzi zilizochomoza hukwaruza nyingine. Ubaya ni kuzikata bila kuzihesabu, kwa sababu kesho kitambaa kitapita bila kukwama na waya utaonekana mpya.

Kisha viungo. Fundo kwenye waya hula karibu nusu ya nguvu yake. Kitanzi cha ndoano kinatakiwa kuzungushwa kwenye pete ya chuma yenye mfereji na kubanwa kwa klampu. Klampu ina pande mbili, tandiko lenye meno na boliti yenye umbo la U, na watu huzifunga kila moja na mwelekeo wake kana kwamba ni mapambo. Tandiko likae juu ya waya mrefu unaobeba mzigo; boliti ikae kwenye ncha fupi iliyokufa, maana inaponda. Zisipungue tatu, ziachane karibu sentimita 4 kwa waya wa milimita 6, na zikazwe tena baada ya ndoo za mwanzo, kwa kuwa waya ukivutwa hupungua unene na klampu hulegea.

Mtu atauliza: waya mpya wa milimita 6 unahimili karibu tani 2 kabla ya kukatika, ndoo ni kilo 40, hofu ya nini? Swali zuri. Kwanza, desturi ya kazi za kunyanyua ni kutumia sehemu ya tano tu ya nguvu hiyo, yaani kilo 400 hivi. Pili, mzigo hautulii. Achia ndoo ya kilo 40 ianguke mita moja kisha isimame ghafla ndani ya sentimita 5: waya umebeba kwa nukta hiyo zaidi ya kilo 800. Huo ni ule mchezo wa kuteremsha kwa kasi na kushika mwishoni. Toa nusu kwa ajili ya fundo, toa tena kwa kutu, na hesabu iliyoonekana na nafasi kubwa imekutana katikati. Tatu, kapi. Wavuvi wa pwani, waliopandisha foromali kwa henza na roda tangu enzi, wanalijua hili mikononi: waya ukipita juu ya kapi na kurudi chini kwenye winchi, kapi inabeba mzigo mara mbili, upande wa ndoo na upande wa winchi. Miguu mitatu ya miti inayoshika kapi, iliyopimwa kwa kilo 40, inabeba 80, na kwenye mshtuko inabeba zaidi ya tani moja na nusu. Visima vinavyoteremshiwa pete za zege viko kwenye hesabu hiyo hiyo, ila pete ya zege ni nzito mara nyingi kuliko ndoo.

Na watu? Winchi hizi hazikutengenezwa kwa ajili ya kuteremsha binadamu, na watengenezaji huandika hivyo. Kinachobeba mtu hutakiwa kuwa na nguvu mara kumi ya mzigo na breki ya pili inayojitegemea. Hizi zina moja. Ngazi au kamba ya pekee iliyofungwa kwenye mti mwingine ni ghali kidogo na ni polepole, na sina maneno mengine ya kuipamba.

Barabarani hesabu hugeuka. Kabla lami haijaunganisha Namtumbo, Tunduru na Mangaka, lori lililozama wakati wa masika lilikuwa habari ya kawaida, na utingo mwenye winchi ya taya alikuwa mtu muhimu kuliko dereva. Kanuni ya waokoaji wa magari ya jeshi inasema gari lililozama usawa wa matairi linahitaji mvuto sawa na uzito wake. Likizama hadi usawa wa madigadi, mara mbili. Lori la tani 8 na winchi ya kilo 1,600 havikutani hapo, hata kwa kapi ya kurudisha inayozidisha nguvu mara mbili. Kwa hiyo chepe hutangulia winchi. Waya usizungushwe kwenye shina la mninga. Mkanda mpana ndio ukae kwenye mti, chini kabisa, na ndoano ishike mkanda. Hakuna mtu asimame kwenye mstari wa waya. Sasa lami ipo, lakini waya wa zamani haukutupwa. Waya una safari yake: unatoka kwenye lori, unakwenda kwenye gogo la mbao, kutoka hapo unauzwa shimoni, na shimo likikauka unakwenda kisimani. Kila anayeupokea huuona mpya kwake.

Hapa ndipo swali la ufundi linapokuwa swali la fedha. Utaratibu uliozoeleka kwenye uchimbaji mdogo ni kwamba sponsa analeta chakula na vifaa, wachimbaji wanaleta nguvu, na mali ikionekana kunakuwa na mgao. Wiki zikipita bila jiwe, sponsa anaona winchi kama mtaji wake uliopo, na waya kama matumizi mengine tu. Mchimbaji naye haununui, maana si wake. Anayeweza kulipia waya yuko juu. Anayejua umefikia wapi yuko chini. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Na. 5 ya mwaka 2003 inamkabidhi mwajiri wajibu wa vifaa salama, lakini kwenye shimo la mgao kila mtu atakuambia yeye si mwajiri. Mwenye leseni anamwonyesha sponsa, sponsa anawaonyesha vijana, vijana wanamwonyesha Mungu.

Sidhani hili litasubiri mkaguzi kutoka Songea, kilomita 260 hivi kwa barabara. Bei ya waya ikatwe kabla ya mgao, mahali pale pale panapokatwa chakula na dizeli. Na neno la mwisho la kusimamisha winchi liwe la anayeshuka, awe mdogo kuliko wote au la.

Waya ukishakataliwa, ukatwe vipande vya mita moja moja siku hiyo hiyo, kabla jua halijazama. Ukiachwa mzima, wiki ijayo utaukuta kwenye shimo la jirani.